Game Boy yenye mistari kiooni: upashe utepe, uhamishe kioo au ufunge skrini mpya?

Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, niliyonayo mezani ilitoka Muscat ndani ya sanduku la mjomba, imeviringishwa kwenye kanga. Ni ile ya kwanza kabisa, ya kijivu, DMG-01, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Aprili 1989. Nilipotia betri nne na kuiwasha, taa nyekundu iliwaka, jina la Nintendo likateremka, na mlio wa kufungulia ukasikika kama kawaida. Ila picha ilikuwa imechanwachanwa. Mistari saba myembamba ilikatiza kutoka juu hadi chini, mitupu, kana kwamba mtu amechomoa nyuzi kwenye kitambaa.

Huu ndio ugonjwa mkubwa wa mashine hizi, na kila ninapomwona mtu ameutangaza mtandaoni, majibu anayopewa huwa matatu. Wa kwanza anamwambia achukue chuma cha kulehemu apashe utepe. Wa pili anamshauri atafute Game Boy nyingine mbovu ahamishe kioo chake. Wa tatu anamtaka aachane na kioo cha zamani, anunue skrini mpya ya IPS, yaani kioo cha kisasa chenye taa ya nyuma. Yote matatu yanafanya kazi, lakini kila moja linamfaa mtu tofauti, na chaguo baya laweza kukugharimu kioo ambacho hakikuwa kimekufa.

Kwanza hakikisha ni ugonjwa huu

Kioo cha Game Boy kina nukta 160 kwa upana na 144 kwa kimo. Kila safu ya wima ina njia yake ya umeme, na njia hizo hupita kwenye utepe mwembamba wa plastiki ulio chini ya kioo. Mistari ya ulalo nayo ina utepe wake, ubavuni. Tepe hizi hazikulehemiwa kwenye kioo, kwa sababu risasi haishiki kioo. Zilibandikwa kiwandani kwa joto na mgandamizo, kwa gundi inayopitisha umeme. Gundi ikizeeka miaka thelathini na zaidi, hukauka na kuachia kidogo hapa na pale. Pale ilipoachia, safu hiyo haipati amri, na wewe unaona mstari mtupu. Kwa hiyo kioo ni kizima na kompyuta yake ni nzima. Kilichokatika ni mshiko kati yao.

Kipimo changu cha kwanza hakihitaji kufungua chochote. Washa mashine, kisha zungusha gurudumu la ukolezaji lililo upande wa kushoto hadi kioo kizima kiwe cheusi. Safu zilizokatika zitabaki nyeupe na utazihesabu bila shida. Andika idadi na mahali zilipo, maana baada ya matengenezo utataka kujua umepata ngapi na umepoteza ngapi. Kipimo cha pili ni kubonyeza kwa kidole gumba kwenye ukingo wa chini wa dirisha la plastiki, taratibu. Mistari ikirudi na kupotea unapobonyeza, una habari njema: mshiko umelegea tu. Isipocheza, usikate tamaa, kwani plastiki ya nje mara nyingi haifikishi nguvu ya kidole hadi kwenye utepe. Utarudia ukiifungua.

Yapo matatizo mengine yanayofanana na haya kwa mtazamaji mgeni, na nimewaona watu wakichoma utepe mzima kwa kosa la kaseti ya gemu. Inapowaka, Game Boy husoma alama ya Nintendo kutoka kwenye kaseti yenyewe na kuilinganisha na iliyo ndani yake. Zisipolingana, inagoma palepale. Ukiona mchoro uliovurugika unateremka, au mstatili mweusi mtupu, kisha mashine ikagoma, hilo ni la meno ya kaseti, vile vyuma vinavyogusana na mashine. Yasugue kwa pamba ya masikio na spiriti. Mstatili mweusi ndio huo huo utakaouona ukiwasha bila kaseti kabisa, kwa sababu mashine haikukuta kitu cha kusoma.

Picha inayofifia na kurudi, au mashine inayojizima ukiitikisa, mara nyingi ni swichi ya kuwashia iliyoshika kutu au vyuma vya betri. Kwetu pwani, penye hewa ya chumvi, hili ni la kuliangalia mapema. Taa ikiwaka na kioo kikabaki kitupu kabisa hata ukizungusha ukolezaji hadi mwisho, fikiria utepe mpana unaounganisha mbao mbili za saketi zilizo ndani, au kile kibao kidogo cha umeme. Kioo hiki hakiishi kwa volti 5 peke yake. Kinahitaji pia volti hasi, karibu 19, na kibao hicho ndicho kinachoitengeneza.

Tena kuna doa jeusi au la hudhurungi katikati ya kioo, kama karatasi iliyopitiwa na moto. Hilo ni jua. Mashine iliachwa kwenye dashibodi ya gari au dirishani, na karatasi ya polaraiza, ile inayochuja mwanga juu ya kioo, ikaungua. Tiba yake ni kubandua karatasi hiyo na kuweka mpya. Kupasha utepe hakutasaidia kitu hapo.

Kupasha utepe

Naanza na njia hii kwa sababu ndiyo ninayoiamini kwa mistari ya wima, na ndiyo inayohitaji maelezo mengi.

Utahitaji bisibisi yenye mdomo kama herufi Y kwa skrubu sita za nyuma, mbili kati yake zikiwa ndani ya chumba cha betri, na bisibisi ya kawaida ya nyota kwa skrubu za ndani. Vipande viwili vya ganda vikiachana usivivute kwa pupa, kwani vimeunganishwa na ule utepe mpana. Uchomoe kwa kuuvuta moja kwa moja kutoka kwenye tundu lake upande wa ubao wa nyuma. Kisha toa ubao wa mbele, wenye kioo. Chini ya kioo utakuta ukanda wa mpira, na chini ya mpira ndipo utepe wenyewe ulipo.

Sasa rudisha ule utepe mpana kwenye tundu lake, tia betri, laza nusu mbili ubavu kwa ubavu, na uwashe. Ndiyo, unafanya kazi mashine ikiwa hai. Betri nne ni volti 6 tu, na faida ni kwamba unaona matokeo papo hapo. Koleza kioo hadi kiwe cheusi. Shika chuma cha kulehemu chenye ncha safi, bila tone la risasi, na uipitishe juu ya utepe karibu na ukingo wa kioo, kwa wepesi, ukienda na kurudi. Usikae mahali pamoja zaidi ya sekunde moja au mbili, na usiguse kioo chenyewe. Kama chuma chako kina kirekebishi cha joto, anza chini kabisa na upande hatua kwa hatua. Kama hakina, kichomoe kwenye umeme, subiri kipoe kidogo, ndipo ujaribu. Pale mstari unaporudi, gandamiza kwa kifutio cha penseli hadi papoe, ili gundi ishike ikiwa imebanwa.

Mstari wa kwanza kurudi ni jambo la kufurahisha mno. Unaona safu nyeupe inajaa wino kutoka juu hadi chini, mara moja, bila kusitasita.

Lakini nieleze na upande wa pili. Mashine ya kwanza niliyoijaribu niliiharibu. Niliona mistari miwili imerudi, nikang'ang'ania wa tatu, nikaacha ncha ikae. Utepe ukakunjamana, na safu nyingine tatu zikafa papo hapo, wala hazikurudi tena. Tangu siku hiyo nina kanuni: mstari ukikataa mara tatu nauacha, naruhusu kila kitu kipoe, na najaribu tena siku nyingine. Ile ya mjomba ilirudisha mistari mitano siku ya kwanza. Juma lililofuata ukarudi wa sita. Wa saba uko ukingoni kabisa mwa kulia, na sikuugusa tena.

Kwa mistari ya ulalo sipendekezi njia hii kwa mtu anayeanza. Utepe wa ubavuni ni mgumu kuufikia, na kwa niliyoyaona, matokeo yake ni bahati nasibu. Ukipoteza safu moja ya wima bado unacheza. Ukipoteza kundi la mistari ya ulalo, vitu vinavyoteremka kwenye Tetris hupotea machoni na kuibuka chini, na gemu haichezeki.

Gharama yake ni karibu na bure ikiwa vifaa unavyo. Kama huna, mpelekee fundi wa simu. Utepe huu yeye atauita fleksi, na mikono yake imeshazoea vitu vidogo kuliko huu. Mwambie jambo moja tu: asitumie bloa. Hewa ya moto husambaa hadi kwenye kioo na kwenye polaraiza, nawe utaondoka na doa jipya badala ya mistari ya zamani.

Kuhamisha kioo cha mashine nyingine

Watu wengi hudhani njia hii ni ya kulehemu nyaya nyingi ndogo. Si hivyo. Kioo cha DMG kimekaa kwenye ubao wa mbele, na ubao huo unaungana na ule wa nyuma kwa utepe mmoja unaochomoka. Kwa hiyo huhamishi kioo, unahamisha ubao mzima: skrubu, utepe, kwisha. Ni kazi ya nusu saa, na pengine ndiyo salama kuliko zote kwa asiyejua kushika chuma cha moto.

Tatizo ni kwamba unanunua uzee uleule. Ubao utakaoupata una gundi ya umri mmoja na ya kwako. Leo unaonyesha picha safi, mwaka ujao unaweza kuanza kuchanika. Ukipata muuzaji, mwombe picha ya kioo kikiwa kimekolezwa hadi cheusi. Picha ya kioo kikiwa kimezimwa haikwambii lolote, na picha ya gemu yenye mandhari meupe inaficha mistari yote mitupu.

Ninapoona njia hii ina maana ni pale kioo chako kimepasuka, au kimepoteza mistari ya ulalo, na wewe unataka mashine ibaki kama ilivyotoka kiwandani. Pia pale unapopata Game Boy iliyokufa kwa sababu nyingine kabisa, mathalani ubao wa nyuma umeliwa na tindikali ya betri, ilhali kioo chake ni kizima. Mashine mbili mbovu zinakupa moja nzima, na vipuri vinabaki kwenye droo.

Skrini mpya ya IPS

Hapa ndipo ubishi ulipo. Nimewaona wapenzi wa mashine hizi wakinuniana kwa ajili ya jambo hili, na naelewa pande zote mbili.

Skrini ya IPS inaondoa ubao wote wa mbele na kuleta mwingine wenye kioo cha kisasa. Una taa ya nyuma, rangi unazochagua mwenyewe kuanzia kijani cha zamani hadi kijivu safi, na unaonekana hata gizani. Kwa mtu aliyezoea kuinamisha Game Boy chini ya balbu akitafuta pembe ambayo picha itaonekana, ni kama kufungua dirisha. Mistari iliyopotea unaisahau moja kwa moja, kwa sababu utepe wa zamani haupo tena.

Kuna pia suala la mwendo. Kioo cha asili ni kizito kubadilika. Kitu kikikimbia kinaacha kivuli nyuma yake, na mandhari yanayosogea haraka huwa ukungu. Kwenye IPS kivuli hicho hakipo, na gemu za kukimbia na kuruka zinachezeka kwa raha zaidi. Ila uzito ule ulikuwa na kazi yake. Baadhi ya watengenezaji wa gemu waliwasha na kuzima vitu kwa kasi wakijua kioo kitavichanganya vionekane kama vivuli au vitu vyenye uwazi. Kwenye skrini mpya isiyo na uwezo wa kuiga tabia hiyo, utaona kupepesa tupu. Kama unazijali gemu jinsi zilivyokusudiwa, uliza kama skrini unayonunua inaweza kuchanganya fremu.

Uliza na ukuzaji wa nukta. Skrini mpya huwa na nukta nyingi kuliko 160 kwa 144, kwa hiyo kila nukta ya zamani hukuzwa. Ikikuzwa mara 3 au mara 4 kamili, picha inatulia. Ikikuzwa kwa kiasi kisicho kamili, baadhi ya nukta zitakuwa nene kuliko jirani zake, na herufi zitaonekana zimepinda. Hili halionekani kwenye picha ndogo za tangazo.

Sasa gharama, na simaanishi pesa peke yake, ingawa seti hizi huuzwa kwa makumi ya dola kabla ya usafiri na ushuru, na mara nyingine hupita bei ya Game Boy mbovu yenyewe. Kwanza ni ganda. Baadhi ya seti hukutaka ukate nguzo na kingo za plastiki ndani ya ganda ili skrini ikae. Ganda likishakatwa halirudi. Kama ganda lako ni la asili na ni zuri, nunua jipya lililotengenezwa kwa ajili ya skrini hizo, ukate hilo au usikate kabisa, na la zamani ulihifadhi.

Pili ni betri, na hapa naomba msomaji wa Afrika Mashariki anisikilize vizuri. Kioo cha asili hakina taa, ndiyo sababu Game Boy ilidumu kwa saa nyingi kwa betri nne. Gunpei Yokoi na wenzake pale Nintendo walichagua kioo hafifu kwa makusudi ili mashine iwe nafuu na betri zidumu. Taa ya IPS inakula umeme zaidi sana. Betri za bei nafuu za zinki na kaboni, zile zinazojaa madukani kwetu, hazipendi kuvutwa kwa nguvu. Zinashuka volti haraka, na skrini inazima ilhali betri zingeweza kuendesha redio kwa wiki nyingine. Ukifunga IPS, panga bajeti ya betri za alkali au za kuchaji. Za kuchaji zina volti 1.2 kila moja, yaani 4.8 kwa nne badala ya 6, hivyo taa nyekundu itawaka kwa unyonge tangu mwanzo. Usishtuke, ni kawaida.

Tatu ni sauti. Baadhi ya skrini hizi huingiza mlio mwembamba kwenye spika, hasa mwanga ukipandishwa. Kushusha mwanga kidogo husaidia. Wengine hubadilisha na kile kibao cha zamani cha umeme, kazi inayohitaji kulehemu. Na spika yenyewe mara nyingi inabidi uihamishie kwenye ubao mpya kwa nyaya mbili, kwa hiyo chuma cha kulehemu hukukikwepa kabisa.

Wapo pia wanaobandua karatasi ya nyuma ya kioo cha asili na kuingiza taa nyuma yake. Kinapendeza kikifanikiwa, lakini si tiba ya mistari, na kioo huvunjika kirahisi wakati wa kubandua. Usikichanganye na matengenezo.

Yupi achague nini

Mwenye mistari ya wima isiyozidi kumi hivi, kioo kisicho na ufa, na mkono usiotetemeka: pasha utepe. Usinunue chochote kabla hujajaribu hilo, kwa sababu unachotengeneza ni mshiko wa gundi, na wewe ndiye wa kwanza kuugusa tangu ulipotoka kiwandani. Hata kama baadaye utaamua kufunga IPS, kioo kilichopona kitakuwa na thamani kwa mwingine.

Mwenye mistari ya ulalo, au kioo kilichopasuka, aamue kwanza anaitaka mashine kwa lipi. Kama ni kumbukumbu ya mzazi, au anakusanya vitu vya zamani, atafute ubao wa mbele wa asili na awe na subira. Kama anataka kucheza kila usiku baada ya kazi, au kumpa mtoto ambaye hatavumilia kioo kisichowaka, IPS ndiyo jibu. Mtoto akikosa kuona picha ataiweka chini ndani ya dakika tano, na mashine itarudi kabatini.

Kwa mwenye doa la jua nasema asichague lolote kati ya haya matatu kabla hajabadilisha polaraiza. Ni karatasi tu.

Na kama umechoshwa na haya yote na unachotaka ni kucheza kaseti zako kwenye kioo cha asili kinachosomeka vizuri zaidi, jua kwamba Game Boy Pocket ilitoka mwaka 1996 ikiwa na kioo cheusi na cheupe, chenye kivuli kidogo kuliko cha DMG, na inasoma kaseti zilezile. Haina taa, lakini ni nyepesi na inatumia betri mbili ndogo za AAA. Mimi naipenda ile nene ya kijivu, lakini sitamlaumu atakayechagua Pocket.

Yeyote atakayefunga skrini mpya, asitupe ubao wa zamani. Uweke kwenye bahasha ya karatasi, mbali na jua, utepe ukiwa umenyooka bila kukunjwa, na uandike juu yake safu ngapi zinafanya kazi na ni zipi zilizokatika. Bahasha ya namna hiyo ndiyo iliyonipa ubao wa Game Boy ya pili iliyoko rafuni kwangu.